Namba Saba kwa Mwendo Wake

Mke wa Fundi alifariki Jumanne, na kufikia Alhamisi asubuhi watu walikuwa wameshakubaliana juu ya kila jambo la mazishi, isipokuwa mgane mwenyewe, ambaye hakuulizwa. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, akaweka karatasi juu ya paja, akaipiga mistari kwa rula. Jambo la nne lilikuwa wabebaji wa jeneza. La tano lilikuwa bendi.

"Bendi itapiga Namba Saba kutoka getini mpaka kaburini," Shemeji alisoma. "La sita, viti."

"Hapo kwenye la tano, shemeji," Fundi alisema.

"La tano ni muziki. Umeshapangwa."

"Ni huo huo muziki. Utapigwaje?"

Shemeji alimtazama kwa huruma wanayopewa wafiwa wanapouliza mambo ya ajabu. "Utapigwa na bendi," alisema, kisha akaendelea na viti.

Fundi alikuwa mtu wa kunyamaza. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani, katika chumba kimoja kilichotazamana na posta, na cherehani haimdai mtu maneno mengi. Kabla ya hapo aliwahi kuwa mpiga gitaa kwa miaka minane, na katika miaka hiyo alifanya jambo moja ambalo watu wanalikumbuka mpaka leo. Aliyelifanya ndiye waliyemsahau. Ni yeye aliyeitunga Namba Saba.

Alimpenda mkewe. Hilo tuliseme mapema tulimalize, maana yeye mwenyewe hakuwa na kawaida ya kulisema. Alimtungia muziki mmoja mwaka wa kwanza wa ndoa, tena usio na maneno, akaona yatosha.

Mwanamke huyo alikuwa mpeleka barua. Wenzake wa posta walimwita Telegramu, kwa sababu alifika kabla hujamtarajia. Alitembea kwa miguu, mkoba begani, na mwendo wake haukuwa wa kukimbia wala haukuwa wa binadamu wa kawaida. Siku zile Fundi alikuwa akipiga kwenye bendi, na asubuhi hakuwa na kazi, hivyo aliamua kumsindikiza mkewe mtaa wa kwanza ili wapate kuzungumza kama watu waliooana. Hawakuzungumza hata siku moja. Yeye alikuwa nyuma, mwenzake mbele, na kati yao palikuwa na nafasi ya kutosha kupita mkokoteni.

"Hebu nisubiri!" alikuwa akiita.

Telegramu hakugeuka. Lakini kulikuwa na kona moja, penye ukuta wa kiwanda cha uchapaji, na kila siku akifika pale mshipi wa mkoba wake ulikuwa unalegea. Alisimama, akaukaza. Aliukaza kwa muda wote ambao mumewe aliuhitaji kufika. Akisikia viatu vya mumewe nyuma ya kisigino, mshipi ulikuwa umekaza tayari, na safari inaendelea. Kugeuka hakugeuka, kwa sababu kugeuka kungekuwa kukiri kwamba anamsubiri mtu.

Huo ndio muziki wenyewe. Gitaa la besi ni miguu ya Telegramu. Gitaa la solo ni Fundi, anayejitahidi nyuma. Katikati vyombo vyote vinanyamaza ghafla, halafu vyote vinaondoka pamoja, kwa furaha isiyo na sababu yoyote ya maana. Waliurekodi katika studio ya redio, siku ambayo bendi ilirekodi vipande kumi, na hicho kilikuwa cha saba. Mpiga ngoma aliuliza, "Pale tunaponyamaza, ni mapigo mangapi?" Fundi akasema manne. Mtu wa mitambo wa studio aliuliza jina la kipande, na kwa kuwa kiongozi wa bendi alikuwa ametoka kunywa maji, akaandika "Namba 7" kwenye boksi la kanda. Kipande kilikuwa cha dakika mbili na sekunde kumi na moja.

Redio ilikitumia kujaza nafasi kabla ya taarifa ya habari kila msomaji alipochelewa. Msomaji alikuwa mchelewaji wa kutegemewa, na kwa bidii yake hiyo Namba Saba ikawa maarufu nchi nzima.

Sasa tufike kwa Mapafu. Mapafu alikuwa mpiga saksafoni wa bendi ya hoteli, mtu mwema, na aliyoyafanya hakuyafanya kwa ubaya. Aliwahi kumsimulia Fundi mwenyewe, alipoleta cherehani ya mkewe iliyokuwa ikikata uzi. Alijifunza Namba Saba kutoka kwenye redio kaseti ya mjomba wake, nyumbani kusiko na umeme, betri zikiwa zinakata roho. Betri zikichoka, kanda inazunguka polepole. Ikizunguka polepole, muziki unakuwa mzito na wa chini. Mapafu hakuwahi kuisikia Namba Saba mahali pengine popote. Akajua ni muziki wa msiba.

"Na pale katikati paliponyamaza?" Fundi alimuuliza.

"Pale nilijua betri zimekufa kabisa," alisema Mapafu. "Nikajazia mwenyewe."

Alijazia kwa kilio cha saksafoni kilichochukua karibu nusu dakika. Rekodi ya Mapafu ilitia fora. Wanaume wazima waliomba irudiwe, wakajifuta macho. Kile kilio cha betri ndicho kilichopendwa kuliko kipande kingine chochote, na magazeti yakaandika kwamba kina roho. Kanda ya kwanza, ya bendi ya Fundi, haikuwapo tena ya kubishana nayo. Redio ilikuwa imerekodi juu yake hotuba ya naibu waziri kuhusu umuhimu wa kutunza kumbukumbu.

Baada ya hapo kila aliyeipiga aliiga kwa Mapafu, kisha akaongeza huzuni yake. Bendi ya polisi iliipiga kwa dakika nne. Mcheza kinanda mmoja aliipiga kwa dakika tano na nusu, huku akitikisa kichwa. Watu wa ng'ambo waliipiga kwa vinanda vya nyuzi, thelathini kwa pamoja, ikafika dakika saba, na Fundi alipoisikia alihofu kwamba mahali fulani itasimama isiondoke. Ikaingia kwenye lifti ya jengo la bima. Ikaingia kwenye simu ya idara ya maji, na siku bomba la jirani lilipopasuka Fundi aliusikiliza muziki wake mwenyewe kwa dakika thelathini na tano, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu. Waliosema mwacha asili ni mtumwa hawakusema lolote kuhusu asili iliyoachwa.

Mwenyewe hakulalamika. Telegramu ndiye aliyelalamika.

"Huyu anayetembea humu ndani anaumwa miguu," alisema kila mara ilipopigwa. "Si mimi huyu. Mwambie aende hospitali."

Na mwaka jana, wakiwa kwenye benchi la zahanati, simu ya mtu ililia kwa Namba Saba ya vinanda, na mwenye simu hakuipokea. Telegramu alisikiliza mpaka mwisho. Wakati huo alikuwa hatembei tena zaidi ya kutoka chumbani mpaka barazani, na alipokwenda alishika ukuta.

"Nikifa," alisema, "usikubali wanizike na hiyo ya kuburuta miguu."

"Sawa."

"Usiniambie sawa. Miaka thelathini na miwili sikuchelewesha barua ya mtu. Nije nicheleweshwe mimi, tena siku yangu mwenyewe? Ahidi."

Fundi akaahidi. Lilikuwa ombi pekee alilowahi kuombwa na mkewe ambalo halikuhusu paa.

Kwa hiyo Alhamisi ile, baada ya viti kujadiliwa, aliwaacha wageni na binti yake, akajitoa taratibu akaenda kumtafuta Bendimasta. Alimkuta kwenye ghala la zamani ambamo bendi ilifanyia mazoezi, akiwa amevaa miwani mbili mbili, ya kusomea juu ya ile ya kuonea mbali. Pembeni, mama mmoja mnene alikuwa akiing'arisha ngoma kubwa kwa kitambaa.

"Pole sana, mzee wangu," alisema Bendimasta. "Jumamosi tutampigia vizuri sana."

"Hilo ndilo lililonileta. Naomba mpige haraka."

"Tuanze mapema?"

"Hapana. Muziki wenyewe. Uende haraka. Ndivyo ulivyo. Niliutunga mimi."

Bendimasta alivua miwani moja. Alikuwa ameshazika watu wengi na alijua msiba unavyoweza kumvuruga mtu. Akatoa karatasi ya muziki kwenye jalada, akamwonyesha. Juu kuliandikwa: *Namba Saba. Polepole, kwa majonzi. Mtunzi: hajulikani.*

"Sikukatalii, mzee. Nakuonyesha tu karatasi."

"Nipe gitaa," alisema Fundi.

Likaletwa, lenye nyuzi tano. Fundi akaketi, akakohoa, akaweka vidole. Hakuwa amepiga kwa miaka mingi, na vidole hivyo vilikuwa vimekaza skrubu na kuchomwa sindano kwa muda mrefu kuliko vilivyowahi kupiga muziki. Viwili vilikuwa vimepinda na havikunyooka tena. Kichwani mwake Telegramu alikuwa anakata mtaa. Chini, kwenye nyuzi, ilitoka noti moja, ikapumzika, ikatoka nyingine. Alijikaza kisabuni mpaka jasho likamtoka, na kadiri alivyojitahidi ndivyo muziki ulivyozidi kuburuta miguu.

Alipomaliza, Bendimasta alisubiri kwa adabu.

"Si ndiyo hiyo hiyo?" alisema kwa upole. "Umeipiga vizuri sana. Tena wewe umetupita kwa majonzi."

Fundi aliona aibu, aibu halisi, ya kuwaka masikioni. Mtu pekee duniani aliyejua mwendo wa mkewe alikuwa ameuonyesha mbele ya mashahidi, na alikuwa amekosea. Akarudisha gitaa. Akashukuru.

"Na hata ningekubali," Bendimasta aliongeza ili kumfariji, "si mimi ninayeamua. Kwenye mazishi bendi haifuati mkono wangu. Inafuata miguu ya wabebaji. Wakikanyaga, ngoma inapiga. Ndivyo nilivyofundishwa. Kuna siku tulikwenda mwendo wetu na wao wakaenda mwendo wao, jeneza likafika kaburini sisi bado tuko getini tunalia. Ilikuwa fedheha. Tangu siku hiyo, miguu tu."

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama.

"Miguu tu?"

"Miguu tu," alijibu yule mama wa ngoma kubwa, bila kuinua macho kwenye kitambaa chake. "Wakisimama, nanyamaza. Juu ya magoti sijawahi kumtazama mbebaji."

Fundi alirudi akiwa anafikiri. Wabebaji waliokuwa kwenye orodha ya Shemeji walikuwa jamaa sita, waliochaguliwa kwa ukubwa wa umri. Mmoja alikuwa na chuma gotini. Mwingine alikuwa akipumzika mara mbili akitoka sebuleni kwenda chooni. Kwa miguu ile, Namba Saba ingefika dakika kumi na tano.

Akavuka barabara, akaingia posta. Chumba cha wapeleka barua kilikuwa nyuma, chenye meza ndefu na visanduku ukutani, na mkuu wao alikuwa mwanamke waliyemwita Stempu. Alifundishwa kazi na marehemu, na macho yake yalikuwa mekundu tangu Jumanne, ila mikono iliendelea kupanga barua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina ombi." Akamweleza yote: kona ya uchapaji, Mapafu, betri, ahadi ya zahanati, ngoma kubwa na miguu. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Stempu alisikiliza huku akipanga.

"Unataka tumbebe mwendo wa kazini," alisema mwishoni.

"Kama mnauweza."

"Baba, sisi mwingine hatuujui. Alitufundisha huo mmoja." Akagonga bunda la barua mezani likanyooka. "Tutakuja kumi na wawili. Sita wabebe, sita wapokee njiani."

"Lakini ni jeneza, mwanangu. Si mkoba."

"Ni mzigo," alisema Stempu. "Na anwani tunaijua." Kisha akageukia visanduku, akakaa hivyo kwa muda, na Fundi akajifanya anasoma tangazo la bei za vifurushi.

Alibaki Shemeji, ambaye hakuwa mtu wa kubadilisha karatasi iliyokwisha kupigwa mistari. Fundi alimfikiria njia nzima. Hakusema neno juu ya mwendo. Alisema tu kwamba watumishi wa posta wanaomba ruhusa ya kumbeba dada yao, kwa sare.

Shemeji akanyanyua kichwa. "Sare kamili?"

"Na kofia."

"Zimepigwa pasi?"

"Zitapigwa."

Shemeji akachukua rula, akafuta majina sita kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: *Watumishi wa Umma.* Alionekana kuguswa kweli. "Dada yangu ameheshimiwa," alisema, na Fundi akaona kwamba naye alikuwa akimpenda, kwa njia yake ya mistari.

Jumamosi kulikuwa na jua na vumbi kidogo. Kutoka geti la makaburi njia ilinyooka kwa hatua kama mia mbili, ikapinda kwenye kona penye ukuta wa tangi la maji, kisha ikashuka mpaka kwenye kaburi. Stempu na wenzake watano waliinua jeneza mabegani. Bendimasta akanyanyua mkono. Tarumbeta zikaanza, polepole, kwa majonzi, kama karatasi ilivyoagiza.

Wapeleka barua wakaondoka.

Mama wa ngoma kubwa aliangalia miguu. Kwa hatua mbili tatu uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma barua isiyo yake. Kisha mkono wake ukafanya ulivyofundishwa, na ngoma ikafuata. Tarumbeta zikajikuta ziko nyuma, zikaruka noti kadhaa, zikakaza mwendo. Baragumu kubwa la besi likakohoa, likapata hewa, likaanza kukanyaga: tu-tu, tu-tu, tu-tu. Kufikia hatua ya hamsini waombolezaji wote walikuwa wakitembea kama watu waliosikia kwamba dirisha la posta linafungwa saa sita kamili.

"Haraka haraka—" Shemeji alianza, lakini pumzi ya kumalizia methali hakuwa nayo.

Na hapo Fundi akaisikia. Aliisikia kwanza miguuni, kisha ndipo ikafika masikioni. Hakuwa ameisikia kwa karibu miaka arobaini, na hakuwa na uhakika tena kwamba iliwahi kuwako. Mtu akiambiwa muda mrefu kwamba jambo lilikuwa la huzuni, huanza kukubali. Halikuwa la huzuni. Baragumu lilikuwa mkewe kabisa, mkoba begani, anakata mtaa. Alifurahi, akaona haya kufurahi mahali kama pale, akafurahi hivyo hivyo.

Ila hakuweza kuwafikia. Magoti yake yalikuwa ya umri wake. Binti yake alimshika mkono, naye akamwambia, "Tangulia, mama yako asiende peke yake," na binti akatangulia. Waombolezaji wakampita mmoja mmoja, hata jamaa mwenye chuma gotini, aliyekuwa amepata ari mpya. Jeneza likazidi kuwa dogo kule mbele, kofia sita za posta zikipanda na kushuka pamoja, na kati yake na mkewe pakawa na nafasi ya kupita mkokoteni, kisha ya mikokoteni miwili, kisha akaacha kuhesabu.

"Hebu nisubiri," alisema. Hakusema kwa nguvu. Lilimtoka kwa mazoea.

Kwenye kona, penye ukuta wa tangi, wapeleka barua wakasimama. Mzigo mzito hubadilishwa bega. Sita waliokuwa wakifuata walisogea, wakaingiza mabega chini ya jeneza, wakaweka sawa.

Miguu iliposimama, ngoma ilinyamaza. Baragumu likanyamaza. Mpiga tarumbeta wa kwanza alikuwa ameshajaza mashavu kwa ajili ya kile kilio cha Mapafu kinachopendwa na watu. Akamtazama mama wa ngoma, akakimeza. Kulikuwa kimya kabisa. Kitu pekee kilichosikika makaburini kote kilikuwa viatu vya Fundi kwenye changarawe, vikija.

Sita wapya walikuwa wameshakaa sawa zamani. Hawakuondoka. Stempu alikuwa amesimama pembeni ya jeneza, mgongo umemwelekea Fundi, akikaza mshipi wa kofia yake chini ya kidevu. Aliukaza. Akaendelea kuukaza. Hakuna aliyegeuka.

Fundi akafika. Akaweka kiganja kwenye ubao, upande wa miguu, na ubao ulikuwa umepata joto la jua. Viatu vyake vikanyamaza.

"Twende," alisema Stempu, na vyote vikaondoka pamoja.

Baadaye, watu walipokuwa wakitafuta viti, ambavyo vilikuwa vimepangwa vizuri sana, Bendimasta alimfuata Fundi akiwa na karatasi yake na kalamu ya risasi. Alikuwa amelowa jasho, na miwani zote mbili zilikuwa na ukungu. Neno "polepole" alikuwa ameshalikata. Penye mtunzi alikuwa amefuta "hajulikani", akasubiri aambiwe jina, akaliandika kwa herufi kubwa.

"Bado jambo moja, mzee wangu," alisema. "Ule ukimya wa kwenye kona. Humu haumo, na sasa naona bila huo muziki haukamiliki. Nauweka. Ni mapigo mangapi?"

Fundi alilifikiria swali. Alikuwa ameshaulizwa zamani, studioni, akataja namba kwa sababu walitaka namba.

"Andika: mpaka nifike," alisema.